Jicho Lililokataa Kuvimba

Mimi sijui kuutazama uso wa mtu kama watu wengine wanavyoutazama. Nikikutana na mgeni naanzia tayani, napanda mashavuni, nayalinganisha yote mawili, kisha ndipo namsalimia. Kazi ndiyo iliyoniharibu. Nimekuwa muuguzi katika kliniki ya meno tangu ujana wangu, na mwisho wa wiki nawahudumia wasichana wa timu yetu ya mpira wa wavu. Kwa sababu ya kisanduku changu cha baridi wamenibatiza Mama Barafu. Mume wangu hanitetei hata kidogo. Tulipochumbiana nilimwambia kwamba pua yake iliwahi kuvunjika na ikaungwa vibaya, na mpaka leo anabisha.

Seta wa timu yetu ni binti wa kaka yangu. Seta ni yule anayeupokea mpira wa pili na kuunyanyua karibu na wavu ili mwenzake aupige. Wenzake wanamwita Sumaku, kwa kuwa mpira hata ukipotea njia utaukuta mikononi mwake. Ana miaka kumi na sita, ni mrefu, ana maneno, na kwangu mimi ananidekea atakavyo, kama mtoto yeyote kwa shangazi yake.

Jumamosi ya nusu fainali, tukiwa katika seti ya mwisho, yeye na mshambuliaji wetu waliruka kuufuata mpira mmoja. Kila mmoja alidhani ni wake. Kiwiko cha mshambuliaji kikamwingia Sumaku chini ya jicho la kushoto, na mlio wake niliusikia nikiwa kwenye benchi. Akakaa chini. Mwamuzi akapuliza filimbi, nami nikakurupuka na kisanduku changu.

Nilimpima kama ninavyowapima wote. Nilipitisha vidole kwenye ukingo wa mfupa unaolizunguka jicho, nikitafuta ngazi au shimo. Hakuna. Nikampa kijiti bapa kile cha kutazamia koo, nikamwambia akiume kwa magego huku mimi nikikivuta. Alikiuma kama ananidai. Taya, basi, ni zima. Nikaliziba jicho moja nikamwonyesha vidole, nikaliziba la pili nikamwonyesha vingine. Alivisoma vyote. Mwisho nikamwambia akifuate kidole changu, kulia, kushoto, chini, juu. Akakifuata bila tabu.

"Unaona vizuri?"

"Shangazi, mechi inaendelea!"

"Nimekuuliza, unaona vizuri?"

"Naona mpaka hasira zako."

Kocha akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa kwamba yuko salama. Akarudi uwanjani, zikachezwa pointi chache zilizobaki, tukashinda, na ukumbi mzima ukawa kelele tupu. Katika zile pointi kuna mpira mmoja tu alioukosa, akapiga hewa juu kidogo ya pale ulipokuwa. Tulimcheka.

Baada ya mechi nilimkalisha kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nikamwekea shavuni barafu niliyoizungushia taulo, bila kuligandamiza jicho. Hapo ndipo kitu kilipoanza kunikera. Jicho lilikuwa safi. Nimeviona viwiko vingi na matokeo yake. Kiwiko cha namna ile, kwa mlio ule, humwacha mtu na jicho lililofura na kuwa la zambarau kabla hajavua viatu. Hili lilikuwa jeupe, kope zimetulia, utadhani ametoka kupigwa picha.

Kocha alifurahi. "Huyu mtoto ana mifupa ya chuma."

Mimi sikufurahi, wala sikuweza kusema kwa nini. Nikiona kitu kisichoeleweka, hata chakula hakipiti. Nilijiambia labda kiwiko kiliteleza. Nikajiambia labda barafu yangu imekuwa kali. Kila labda niliyoileta haikukaa sawasawa.

Jioni nikajialika kwa kaka yangu. Yeye mwenyewe alikuwa safarini kikazi, nyumbani alikuwepo wifi yangu na binti. Nilimkuta Sumaku amelala kwenye kochi, na beseni liko chini karibu naye.

"Ametapika mara mbili," wifi akaniambia akiwa jikoni. "Woga wa fainali tu. Hata mimi nilitapika siku ya harusi yangu."

"Nakumbuka, wifi. Beseni nililishika mimi."

Utani ni utani, lakini aliyepigwa usoni kisha akatapika si wa kuchezewa. Nikavuta kiti nikaanza kumpeleleza kama kuna mtikisiko wa ubongo. Nilimuuliza leo siku gani, tulicheza na nani, seti ya pili iliishaje. Akajibu yote, na la mwisho alilijibu kwa madoido. Nikamsimamisha kwa mguu mmoja, akasimama kama nguzo. Kichwa hakimuumi. Basi tumbo linachafuka kwa nini?

Katikati ya maswali hayo kocha akabisha hodi. Alikuwa amemletea jezi iliyofuliwa na habari iliyomfanya ashindwe kukaa. Wachaguzi wa timu ya vijana ya taifa watakuja kesho kuitazama fainali, na wamemuulizia seta.

Sumaku akainuka kwenye kochi. "Mimi?"

"Wewe. Kwa jina."

"Kesho hachezi," nikasema.

Wote watatu wakanigeukia, tayari kunirukia kwa pamoja. Wa kwanza kupasuka alikuwa yeye mwenyewe. "Shangazi, ulinipima kwa mikono yako, ukasema niko salama! Sasa nina nini?"

"Sijui."

"Hujui, halafu nisicheze?"

"Kwa sababu sijui ndiyo maana hutacheza."

Kocha akajaribu kunibembeleza, kwamba alale kwanza, tumtazame asubuhi. Wifi naye akasema nimezidi, kwamba nikiona chunusi naita jeneza. Iliniuma. Nilikuwa sina cha kuwajibu ila jicho zuri kupita kiasi, na hata mimi niliona si hoja.

Wifi, ili kuyakata maneno, akauliza saa ngapi. Saa yao ya ukutani imetundikwa juu kabisa, juu ya mlango wa jikoni. Sumaku akakitupa kichwa nyuma, uso mzima ukaangalia dari, kama mtu anayemalizia tone la mwisho la soda. "Saa kumi na mbili kasoro."

Nikacheka bila kutaka, nikamgeukia kocha. "Unaona ugonjwa wako ulivyowaingia?"

Inabidi nieleze. Kocha wetu alikuwa mwalimu wa hesabu, na ana imani moja kuhusu mchezo huu: anayeufuata mpira kwa macho tu huchelewa, anayeufuata kwa uso mzima hufika. "Pua chini ya mpira!" hupayuka kila mazoezi. Ametengeneza miwani ya kadibodi, nusu ya juu imezibwa na utepe mweusi. Ukiivaa, juu huoni kitu mpaka uinue uso wote. Wasichana wake wamefanya mazoezi na miwani hiyo mpaka imewakaa mwilini. Ukimwita mmoja wao kutoka ghorofani, hakuangalii, anakuelekezea kidevu.

Nilikuwa bado nacheka, mara nikaacha. Nilikiona kidole changu mwenyewe, asubuhi ile, kikipanda. Macho yake yalikifuata kidole, ndiyo. Lakini je, yaliyopanda yalikuwa macho, au ulikuwa uso?

"Wifi, zima jiko uje. Nakuomba."

Nilimkalisha Sumaku kwenye kiti, kisogo chake nikakiegemeza ukutani. Wifi akamshika kichwa kwa mikono miwili, kocha nikampa kazi ya kushika kidevu, na nikawaonya kwamba kichwa hicho kikisogea nitawagombeza wote. Kisha nikainua kidole.

Jicho la kulia likapanda. La kushoto likapanda kidogo, likasita, likabaki katikati linanitazama.

Nikarudia, labda nimeota. Moja likaenda juu, jingine likabaki palepale, kama limefungwa kwa uzi kwa ndani. Nilisikia moyo ukinilipuka kwa hofu, na kusema kweli, pamoja na hofu kulikuwa na raha fulani ya kukiona kile kilichonisumbua mchana kutwa. Hatimaye kilikuwa mbele yangu.

"Mungu wangu," wifi akasema. "Mwanangu amekuwa na makengeza?"

Nilikuwa nimemshika Sumaku kifundo cha mkono. Kila nilipomlazimisha kutazama juu, mapigo yake yalipungua, yakawa ya mtu aliyelala, na uso ukapauka. Akainamia beseni. Alipomaliza nikamgusa shavu chini ya jicho, kisha mdomo wa juu.

"Unasikia ninavyokugusa?"

"Hapa kidogo. Hapa pamekufa ganzi. Hata meno ya juu kama si yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Na hukusema?"

"Hukuuliza meno, uliuliza macho."

Kocha aliiweka jezi mezani taratibu. Akatoa funguo za gari mfukoni.

Hospitalini tulimkuta daktari wa uso na taya, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, ambaye alikuwa ameshavaa koti la kuondoka. Nilimweleza kwa kifupi: kiwiko, jicho safi, kutapika, mapigo yanashuka, jicho halipandi. Akalivua koti. Alimshikilia kidevu yeye mwenyewe, akapandisha kalamu, akatoa mguno kama mtu aliyeonjeshwa kitu kitamu. Hapo nikajua nimempata mwenzangu.

"Nani aliyegundua kwamba anadanganya kwa kichwa?" akauliza.

"Hadanganyi," kocha akasema kwa unyonge. "Nilimfundisha mimi."

Picha ya mifupa ilipotoka, daktari alituita sote tuione, binti mwenyewe akiwemo. Akaonyesha kwa ncha ya kalamu sakafu ya tundu la jicho, mfupa mwembamba kama ganda la yai, ambao chini yake kuna chumba cha hewa ndani ya shavu.

"Mtu mzima angepigwa hivi, sakafu hii ingevunjika vipande, jicho lingefura na kila mtu angejua. Mfupa wa kijana una unyumbufu. Ulipopigwa ulifunguka kwa chini, kama mlango wenye springi, kisha ukajifunga. Lakini kabla haujajifunga, msuli wa jicho ulichungulia. Ukabanwa. Huu hapa."

Tukainama wote. Kilikuwa kidoti kidogo tu, kinaning'inia chini ya mstari mweupe. Sikuamini kitu kidogo namna ile kingeweza kumtapisha mtu na kuupunguza mwendo wa moyo wake.

"Ndiyo maana kwa nje pazuri," nikasema.

"Ndiyo maana kwa nje pazuri. Watu huwapa dawa ya tumbo, huwaambia wapumzike. Wakati huo msuli unakosa damu. Ukifa, haufufuki. Jicho hili halitapanda tena, na kila akitazama juu ataona vitu viwili mpaka uzeeni." Akamgeukia Sumaku. "Nataka kuufungua mlango huo sasa hivi."

"Kesho nina fainali," Sumaku akasema.

"Fainali zitakuja nyingine. Msuli haungoji."

"Lakini sioni viwili! Naona sawa! Nilicheza, niulizeni, tulishinda!"

Daktari hakubishana. Alimshika kidevu tena, akapandisha kalamu. "Kalamu ngapi?"

"Moja."

Akaipandisha zaidi. "Sasa?"

"Moja."

Jicho moja lilikuwa darini na jingine kifuani mwa daktari, na mtoto anasema moja. Nilitaka kumkaripia, lakini kocha aliniwahi. Alichuchumaa mbele ya kiti chake.

"Sumaku. Ule mpira ulioukosa, ukapiga hewa. Wewe hukosi mpira kama ule. Ilikuwaje?"

Aliniangalia mimi, kisha akamwangalia mama yake. "Ilikuwa miwili."

"Mipira miwili?"

"Nikiinua kichwa ni mmoja. Nikichelewa kukiinua inakuwa miwili, mmoja juu ya mwenzake. Ule niliukosa kwa sababu nilichukua wa juu. Baada ya hapo nikawa nachukua wa chini."

Daktari alisahau kabisa kwamba ana mgonjwa wa dharura. "Wa chini! Ulijuaje kwamba wa chini ndio wa kweli?"

"Wa juu nilishaugusa. Haukuwepo."

Mimi na daktari tulitazamana, tukacheka vibaya, kicheko cha watu walioona maajabu, na wifi akatutazama kama vichaa. Kisha daktari akakaa, akashusha sauti, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akiongea polepole.

"Sikiliza, binti. Jicho lako naweza kulifungulia, naweza kulipima, naweza kuona linafika wapi. Unachokiona ndani humo sikioni. Hakuna mashine ya kunionyesha. Ukiniambia moja na ni viwili, nitakuruhusu, nitakuacha, na kitakachoharibika kitaharibika mimi nikijua nimekuponya. Umenielewa?"

Akatikisa kichwa kukubali, machozi yakimtiririka. Wifi akampigia simu kaka yangu, kaka akaridhia, wifi akatia saini, na mtoto akasukumwa ndani.

Sikutaka kwenda kuitazama fainali. Nilikaa na wifi kwenye benchi la wodini. Nilikuwa nimejiandaa aniambie kwamba asubuhi ile nilimrudisha mwanawe uwanjani, na kama angeniambia ningekubali. Yeye akaniegemea begani akasinzia. Tumekuwa mawifi miaka mingi, tumegombana kwa sufuria na kwa misiba, na sikumbuki kama aliwahi kuniegemea.

Daktari alikuwa ameshatuambia kwamba msuli ulitoka ukiwa mwekundu, hai, na kwamba pale pa wazi ameweka kipande chembamba cha kuziba ili usichungulie tena. Hilo lilitufurahisha nusu. Nusu nyingine ilikuwa bado ndani ya bandeji.

Kocha alifika siku bandeji ilipotolewa, akiwa na viatu vile vile vya mazoezi. Fainali tulishapoteza, hilo tulilijua. Alichokuja nacho kilikuwa kipya. Wachaguzi walikuwa wameitazama video ya nusu fainali na wamemtaka Sumaku kambini mwezi ujao. Wanangoja neno la daktari tu, kwamba jicho limepona na haoni vitu viwili.

Alilisema hilo mbele ya binti, na papo hapo nikatamani kumziba mdomo. Sumaku alikaa wima kitandani. Sasa jicho lake lilikuwa limevimba na kugeuka zambarau, kama lilivyotakiwa kuwa tangu mwanzo, na lilinipendeza. Daktari akaingia, akasalimia, akavuta kiti. Hakuwa amesikia habari za kambi. Sisi wengine wote tulikuwa tumesikia.

"Haya, kichwa kisisogee."

Alimshika kidevu, akawasha kitochi chake kidogo, akakipandisha. Jicho la kulia likapanda. La kushoto likachelewa kidogo, kama mtoto mdogo anayemkimbilia dada yake, kisha likapanda. Likapanda! Nilijishika mdomo nisipige kelele. Mtu yeyote aliyesimama pale angeapa kwamba yanalingana.

"Taa ngapi?"

"Moja," Sumaku akasema haraka.

Daktari akapandisha tena, mpaka karibu na nywele. "Na hapa?"

Kocha alikuwa ameshika chuma cha kitanda. Wifi alikuwa ameninyaka mkono, na kucha zake zilikuwa ndani ya ngozi yangu. Nilimjua mtoto yule. Nilijua anaweza kusema moja bila kupepesa, na hakuna mtu chumbani, hata mimi mwenye macho ya kupekua, ambaye angeweza kumkamata.

"Mbili," akasema. Akameza mate. "Hapo juu ni mbili. Zimekaribiana, lakini ni mbili."

"Ahsante," daktari akasema, kwa namna ambayo sijawahi kusikia mtu mzima akimshukuru mtoto. "Msuli umechoka, ndivyo ulivyo kwa sasa. Nitakupa mazoezi ya jicho. Huenda zikawa moja. Mechi, mazoezi ya uwanjani, chochote, miezi miwili au mitatu hapana."

Kocha akakiachia chuma cha kitanda. "Nitawaambia wachaguzi wangoje," akasema, "na wasipongoja basi."

Hapo Sumaku akaanza kulia, kile kilio cha kwikwi cha mtoto mdogo, makamasi yakamtoka, akajipapasa kutafuta kitambaa. Daktari akamwahi mkono.

"Lia utakavyo. Ila usipenge. Ukipenga, hewa itaingia kwenye tundu la jicho."

Basi akabaki analia hivyo hivyo, pua inatiririka na haruhusiwi kuifanya lolote. Wifi akaniachia mkono, akasogea kitandani, akachukua ncha ya khanga yake akaanza kumpangusa, taratibu, bila kumbana, na binti mrefu vile akamwachia uso wake wote.